Mume wangu ameleta kikohozi cha mtu mwingine nyumbani

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu wala la mume wangu. Moshi ni mji mdogo na yeye ni mtu anayesimama mbele za watu. Nina miaka 33, nauza mitumba ya watoto soko la Memorial, na tunaishi Pasua, vyumba viwili vya kupanga. Tuna binti wa miaka saba, nitamwita Neema, na mdogo wake wa kiume ana miaka mitatu. Basi mume wangu tumwite Baba Neema.

Baba Neema ni mwigizaji. Silisemi hilo kwa kejeli kama kaka zangu. Ameigiza kanisani, ameigiza kwenye kampeni za afya vijijini, na ameonekana kwenye tamthilia kadhaa kama askari au dereva, wale watu wanaosema neno moja wakatoweka. Kinachotulisha ni u-MC. Sendofu, harusi, kipaimara. Ni MC hodari, mcheshi, mwenye kitambi chake cha heshima, na akishika kipaza sauti hata wajumbe wa kamati walionuniana tangu kikao cha kwanza wanainuka kucheza.

Mwaka huu alipata nafasi aliyokuwa akiisubiri tangu nimfahamu. Kuna filamu inatengenezwa Arusha, inamhusu mchimbaji wa tanzanaiti aliyemaliza ujana wake Mererani, akarudi kwao na kifua kibovu na mikono mitupu. Mhusika anaitwa Lomayani, na Lomayani ni Baba Neema. Siku aliposaini mkataba tulilia wote wawili sebuleni. Nakuambia hili usije ukadhani mimi ni mke anayeona wivu.

Mwongozaji alimwambia apungue kidogo. Hakusema kilo ngapi. Alikuwa na kilo 81, sasa ana 60, na ni mtu mrefu. Asubuhi anakunywa uji mwepesi bila sukari, jioni vijiko vichache vya maharage, basi. Nikianza kukaanga kitunguu anatoka nje. Halafu usiku wa manane namkuta kaegemea ukuta anaangalia video za mapishi kwenye simu, biriani, keki, samaki wa kupaka, mtu ambaye hajawahi kukaanga yai maishani mwake. Tukizungumza anakasirika kwa jambo dogo, kisha ananyamaza siku nzima. Mambo ya chumbani yamekwisha kabisa. Analala chini kwenye mkeka kwa sababu Lomayani hana kitanda.

Jina lake hataki tena. Anasema akiitikia jina lake atampoteza Lomayani, na hana hakika atampata tena. Juzi binti yangu alimwendea na daftari la shule akamwambia, "Lomayani, naomba umwambie baba anisainie." Baba yake akacheka, akaniambia, "Unaona? Hata mtoto ameamini." Mimi nilikwenda kusimama uani.

Kazi za U-MC amezikataa, isipokuwa sendofu moja aliyokuwa ameshapokea kishika nafasi. Ndafu ilipoingia ukumbini na watu wakapiga vigelegele, yeye aliishiwa nguvu, ikabidi akalishwe kiti. Kamati ililipa nusu.

Lipo jingine ambalo linaninyima usingizi zaidi. Kabla ya kuanza kushuti alikwenda Mererani akakaa wiki kadhaa kwa mzee mmoja, mchimbaji wa zamani, mgonjwa wa kifua. Hakumwambia kwamba ni mwigizaji. Alimwambia kwamba naye ni mchimbaji, naye anaumwa hivyo hivyo. Mzee akampa nusu ya godoro, wakalala chumba kimoja, akamgawia uji wake. Mpaka leo anampigia simu, anamwita mwanangu, anamuuliza, "Dawa unakunywa?" Baba Neema anarekodi simu hizo ili aigize ile sauti ya kukata pumzi. Ameigiza kikohozi cha yule mzee mpaka sasa hivi anakohoa hata akiwa usingizini. Majirani wananiuliza shemeji anaumwa nini, nawajibu ni kazi.

Ninachoshindwa ni kwamba anafanya vizuri, Shangazi. Alinionyesha sehemu moja waliyokwisha kushuti, Lomayani akimwomba mdogo wake nauli, nikalia kama nimefiwa. Sijawahi kumwona akiigiza vile.

Nikimwambia ale, ananitajia waigizaji wa Hollywood, Christian Bale na Robert De Niro, kwamba wakubwa wote walitesa miili yao ndiyo maana ni wakubwa. Aliniuliza, "Unataka mume MC au mume mwigizaji?" Mama mkwe anasema ni pepo la marehemu fulani, anataka apelekwe kwenye maombi. Kaka yangu anasema tuvumilie, nusu ya malipo tumeshapokea na tumeshailipia ada na kodi. Zimebaki wiki chache. Nimeshamwahidi kwamba siku ya mwisho nitampikia mtori na kiburu, na kule Kibosho wakwe wametenga mbuzi.

Naomba unisaidie kufikiri. Nikimwambia aache, si nitakuwa nimeua ndoto yake? Nikinyamaza, nitakuwa nafanya nini? Na yule mzee je? Hivi sanaa ina ruhusa ya kumchukulia mtu kiasi gani?

Mama Neema, Moshi

Shangazi anajibu

Marahaba, Mama Neema. Pole, na hongera pia, kwa sababu barua yako ni ya mtu anayempenda mumewe na anayeijua kazi yake. Wengi wangeniandikia tu kwamba mume amerukwa na akili.

Kabla ya sanaa, ndoto na mzee wa Mererani, kuna sentensi moja umeiandika ukaipita haraka. Umesema anakohoa hata akiwa usingizini. Mwanangu, hakuna anayeigiza usingizini. Inawezekana koo limechubuka kwa mazoezi, au ni vumbi tu. Lakini hebu tuyaweke pamoja uliyoyaeleza: amepungua kilo 21, ana kikohozi kisichoisha, hana nguvu, na alilala wiki kadhaa chumba kimoja na mtu mwenye kifua kibovu aliyefanya kazi kwenye vumbi la migodi. Mimi si daktari, ila ukiondoa neno filamu katika habari hii, muuguzi yeyote atauliza habari za kifua kikuu kabla hujakaa vizuri kwenye benchi.

Vumbi la mwamba wenye madini ya silika huyakakamaza mapafu ya wachimbaji polepole, na mapafu ya namna hiyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko ya watu wengine. Mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu anayekohoa kwenye chumba kisicho na hewa huweza kumwambukiza anayelala naye humo. Na mwili uliokosa chakula hushindwa kujitetea. Mumeo alikwenda kuazima dalili za ugonjwa. Hatujui kama aliondoka na dalili peke yake, na ubaya wa nafasi hii aliyoipata ni kwamba kila kitu ambacho kingekushtua, kukonda, kukohoa, kuchoka, kimegeuka kuwa sifa ya kipaji chake. Majirani wameuliza swali sahihi. Wewe ndiye uliyewajibu kwamba ni kazi.

Kwa hiyo hili halingoji filamu iishe. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatosha kumpeleka mtu kupima, na ukiongeza homa za jioni au jasho la usiku ndiyo kabisa. Hospitali ya Mawenzi mnayo hapo hapo mjini. Kilimanjaro mna pia Kibong'oto, kule Siha, hospitali ya kifua kikuu tangu enzi za mkoloni, na wachimbaji wa Mererani si wageni kwao. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure, na ugonjwa ukigundulika kawaida hutibika kwa dawa za miezi sita. Mweleze mhudumu kwamba nyumbani kuna mtoto wa miaka mitatu, maana walio chini ya miaka mitano huangaliwa kwa namna ya pekee na wanaweza kupewa dawa za kinga. Wakati mnasubiri majibu, fungueni madirisha, na watoto walale chumba cha pili. Usimtengee kikombe wala sahani. Ugonjwa huu husafiri kwa hewa, na kumtengea mtu vyombo kutamuumiza bila faida yoyote.

Atakwambia unatafuta kisingizio. Jaribu kumwambia hivi: "Sijaja kukuondoa kwenye filamu. Nataka kujua kikohozi hiki ni cha nani." Kama majibu ni mazuri, amepoteza asubuhi moja. Kama si mazuri, basi hata hao anaoshuti nao, wanaokaa naye kwenye gari moja kutoka Arusha, wana haki ya kujua.

Sasa tuje kwa huyu Lomayani unayeishi naye.

Wewe na mama mkwe mnapishana kwa maneno, lakini naona mnakubaliana kwamba kuna mtu mwingine ameingia ndani ya Baba Neema. Yeye anasema ni pepo, wewe unasema ni mhusika. Naomba ufikirie jibu la tatu, ambalo halina mvuto wa kuhadithia. Mwaka 1944 na 1945, huko Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota kilifanya utafiti juu ya njaa, ili kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokonda kwa vita. Vijana 36 wenye afya walijitolea. Kwa wiki 24 walipewa chakula pungufu, si kwamba walinyimwa kabisa, mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walikuwa wapole, watu waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya imani. Njaa iliwageuza. Wakawa na hasira za karibu, wakajitenga, wakazama kwenye huzuni, hamu ya wanawake ikawaishia. Na walikesha wakisoma vitabu vya mapishi, wengine wakavikusanya, wanaume ambao hawakuwa na habari na jiko.

Mumeo kutoka kilo 81 hadi 60 amepoteza zaidi ya robo. Zile video za biriani usiku wa manane, kimya cha siku nzima, mkeka, chumbani kuwa kimya: sidhani kama Lomayani anastahili kupewa sifa yote hiyo. Sehemu kubwa inaweza kuwa ni njaa tu, na njaa haina kipaji. Ndiyo maana sikushauri umalize naye mambo ya ndoa wakati huu. Ukimuuliza mtu mwenye njaa ya namna hiyo kama bado anakupenda, jibu lolote utakalopata halina uzito, la ndiyo wala la hapana.

Kwa sababu hiyo hiyo, ahadi ya mtori, kiburu na mbuzi wa Kibosho inanitia wasiwasi. Najua imetoka kwenye upendo, na najua kwenu sherehe bila nyama ni kikao tu. Lakini mwili uliokaa na njaa muda mrefu, ukishindiliwa chakula kingi ghafla, madini ya damu huyumba na moyo unaweza kushindwa. Wapo walionusurika njaa ya vita wakafa kwa mlo wa kwanza mkubwa. Kurudi kwake kula kuanze polepole, na kusimamiwa na daktari. Mbuzi anaweza kuendelea kula majani kwa muda.

Nije kwa hao wakubwa anaowataja, maana hapo ndipo anapokushinda kwa hoja, na nisingependa ushindwe kwa habari nusu. Ni kweli Bale alipungua kama kilo 28 kwa ajili ya filamu ya The Machinist iliyotoka 2004, kisha akalazimika kujijaza upya ndani ya miezi michache ili awe Batman. Ni kweli De Niro aliongeza kama kilo 27 kwa ajili ya Raging Bull ya 1980, akapata Oscar. Ila kazi ilisimamishwa kwa miezi ili De Niro aende kula, na waliomsubiri walilipwa. Mumeo anaishi Pasua kwa nusu ya malipo, hana daktari wa seti, na kazi ya U-MC inayolisha nyumba ameiacha. Wanafanya kitu kimoja kwa masharti mawili tofauti kabisa. Tena, niseme langu, siziamini sana hadithi za mateso ambazo waigizaji husimulia filamu inapokaribia kuingia sokoni. Mateso huuza tiketi. Huwezi kusikia mtu akihojiwa kuhusu namna alivyolala vizuri na kusoma skripti yake mara nyingi.

Kuna kisa kingine wanachopenda kukisimulia. Dustin Hoffman, akiigiza Marathon Man ya 1976, alikesha ili aonekane amekesha. Mwingereza Laurence Olivier, waliyekuwa wakiigiza naye, akamuuliza kwa nini asijaribu tu kuigiza. Watu hukitumia kisa hicho kumcheka Hoffman, lakini mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba ndoa yake ilikuwa inavunjika wakati ule, na kule kukesha hakukuwa kwa ajili ya filamu peke yake. Sisemi mumeo anakimbia kitu. Nasema ni vizuri kumuuliza, siku akiwa ametulia, kitu gani anakipata kwa Lomayani ambacho Baba Neema hakupewa. Mtu aliyezeeka akisubiri nafasi, akisema neno moja la askari na kutoka, anaweza kuwa anaogopa kwamba bila mateso hakuna atakayeamini kuwa anajua kazi. "Akiitikia jina lake atampoteza Lomayani." Hapo nasikia woga.

Kama ni woga, unatibika kwa ufundi. Hata Stanislavski wa Urusi, ambaye jina lake hutajwa kila watu wakizungumzia kuvaa uhusika, uzeeni aliacha kutegemea sana machungu ya ndani ya mwigizaji akageukia vitendo: mhusika anafanya nini, kwa nini, mwili wake unatembeaje. Shati lililozidi shingo namba mbili, taa inayotoka juu na kuchimba mashavu, pumzi inayokatika mahali panapojulikana kwenye sentensi, hivyo humkondesha mtu bila kumnyima ugali. Wazee wa Pwagu na Pwaguzi walituonyesha sura na matumbo ya watu kupitia redio, kwa sauti tu. Ile sehemu iliyokuliza, ya kuomba nauli, unadhani uliulilia mfupa wa shavu? Au ni namna alivyolisema lile ombi? Mwulize na yeye. Huenda hajawahi kuambiwa kipi hasa kilifanya kazi.

Lakini nisimwonee. Kuna jambo la heshima anajaribu kulifanya. Tanzanaiti imepambwa kwenye madirisha ya maduka Arusha kwa miaka mingi, na waliotoka chini ya ardhi na vifua vibovu wachache sana wamewaangalia kwa muda mrefu kiasi cha kujua wanavyopumua. Yeye amewaangalia. Wewe mwenyewe umeona matokeo. Kwa hiyo nikisikia "ni wazimu" au "ni kujitafutia sifa" sikubali moja kwa moja.

Swali langu ni nani mwingine ametiwa kwenye mkataba bila kusaini. Mwili wake ni wake, na mtu mzima anaweza kuamua kuutesa kwa ajili ya kitu anachokiamini, kama wapagazi wanavyopanda Kibo na mizigo kwa ajili ya ada za watoto. Neema hakusaini. Mtoto wa miaka saba aliyeamua kumtumia Lomayani kama mjumbe kwa baba yake hajaamini, kama baba yake anavyodhani. Amebuni njia ya kumfikia. Ni mtoto mwerevu, na amechoka kumngoja.

Nini kinawezekana? Naona njia kadhaa na sipendi hata moja kwa asilimia mia.

Unaweza kumwomba mpaka mmoja tu: mlangoni kwenu Lomayani anabaki nje. Jina lake, kitanda chake, daftari la Neema. Usimwombe zaidi ya hapo kwa sasa. Hatari yake ni kwamba atajaribu, siku itakayomwendea vibaya kwenye seti atakulaumu wewe, na utalazimika kuibeba lawama hiyo bila kujirudi.

Unaweza kumpigia mwongozaji. Natamani sana mtu azungumze na mwongozaji, maana mtu anayesema "pungua kidogo" bila kutaja kilo wala kuleta daktari amejiachia nafasi ya kusema hakuagiza. Yeye ndiye anayefaidi picha, basi ajue inagharimu nini. Lakini mke akipiga simu bila mumewe kujua, katika kazi ambayo watu husemana sana, mumeo anaweza kudhalilika, na pengine nafasi ikaenda kwa mwingine. Afadhali simu hiyo aipige mwenyewe, baada ya majibu ya hospitali, akiwa na karatasi mkononi.

Unaweza kuwaita wasimamizi wenu wa ndoa. Umetaja kaka, mama mkwe, majirani, hukuwataja wao. Kama yule msimamizi ni mtu ambaye Baba Neema humsikiliza, huyo ana mlango ambao wewe huna. Ila mchague kwa makini; kuna wasimamizi ambao wakikaa kwenye kiti wanageuka mahakimu, na mtu mwenye njaa na hasira hahitaji kikao. Maombi ya mama mkwe siyapingi, mradi yasitangulie kipimo wala kuchukua nafasi yake, na mradi asifungishwe. Mfungo kwa mwili ule, hapana.

Unaweza kuchukua watoto ukaenda kwenu mpaka kazi iishe. Kwa afya ya yule mdogo huenda hili likawa la lazima kwa muda, kutegemea majibu, na likiwa hivyo muulize daktari kwanza. Ukiondoka kwa hasira, yeye atabaki peke yake na mkeka na simu yenye video za mapishi, na baadaye kisa kitasimuliwa kwamba mke alimkimbia msanii. Ukiondoka kwa mpango, mkiambizana tarehe na sababu, ni habari nyingine.

Kungoja wiki chache, kama anavyoshauri kaka yako, nako ni njia, na fedha mliyokwisha kuitumia ni jambo halisi, sitajifanya silioni. Ila wale vijana wa Minnesota hawakurudi kuwa watu wale wale siku waliporudishiwa chakula. Wengi iliwachukua miezi mingi. Kwa hiyo ukihesabu, usihesabie siku ya mwisho ya kushuti.

Umeuliza kama utakuwa umeua ndoto. Mimi sijui kama ndoto ya Baba Neema ilikuwa kukonda. Alipokuwa akikusimulia zamani, kabla ya filamu hii, alikuwa akisema anataka nini hasa? Wewe ndiye mwenye kumbukumbu hiyo, na huenda yeye kwa sasa hanayo.

Amebaki mzee. Umelileta jambo lake mwisho, na wewe mwenyewe umesema ndilo linalokunyima usingizi, basi nisikufariji haraka. Katika historia ya filamu kuna kisa kinachofanana na hiki. Mwaka 1972, katika Last Tango in Paris, binti wa miaka 19, Maria Schneider, alifanyiwa kwenye seti jambo ambalo mwongozaji Bernardo Bertolucci na mwigizaji mwenzake walikubaliana asubuhi ile wasimwambie mapema. Miaka mingi baadaye Bertolucci alikiri kwamba alitaka ashtuke kama binti, si kama mwigizaji. Picha ikapata ukweli wake. Schneider aliishi na kudhalilika kwake mpaka alipofariki 2011, na alisema hivyo waziwazi. Yaliyompata yeye ni makali kuliko haya ya Mererani, na silinganishi machungu. Ninachokiona kinafanana ni hiki: mtu anatoa kitu cha kweli kabisa, wakati aliye mbele yake anajua kwamba yeye haruhusiwi kujua.

Mzee alimgawia uji mgonjwa mwenzake. Anapiga simu kuuliza kama anakunywa dawa. Mumeo akifungua kinywa kumwambia, anaweza kupoteza ile sauti, anaweza kutukanwa, anaweza kukuta mzee anacheka na kumwuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Na kinyume chake, mzee anaweza siku moja kuonyeshwa filamu kwenye simu ya kijana wa jirani, akasikia kifua chake mwenyewe kikitoka kwa mtu mwingine. Sikupi amri ya siku gani amwambie. Ila kama majibu ya hospitali yatakuja na kifua kikuu, siku hiyo haitakuwa tena ya Baba Neema kuichagua, kwa sababu mzee naye atatakiwa afuatiliwe na kujulikana kama dawa anazokunywa ndizo zinazostahili. Na kama majibu ni safi, bado inafaa mzee aulizwe kama anakubali sauti yake itumike, na alipwe kama mwalimu, maana ndiyo kazi aliyoifanya. Anaweza kukataa. Hapo mwongozaji na mumeo itabidi waamue watafanya nini na zile rekodi, na wewe utajifunza mengi kuhusu wote wawili.

Anza na Mawenzi, asubuhi, kabla hajaondoka kwenda Arusha. Nenda naye, na wakimwita kwa jina lake dirishani, mwache aitikie mwenyewe.